Mpira Unakuambia Ulipokosea: Kutatua Matatizo ya Swingi ya Gofu

Mtu wa kwanza kuniomba nimrekebishie swingi, yaani mwendo wa kuzungusha fimbo ya gofu, hapa Mwanza alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Igoma. Mikono yake ilikuwa na nguvu mara mbili ya yangu, na kila mpira aliopiga uliondoka kushoto kidogo, ukapaa, kisha ukakata kulia hadi kwenye mawe. Asubuhi ile alikuwa ameshapewa ushauri na watu watatu. Mmoja alimwambia ainamishe kichwa, wa pili anyooshe mkono wa kushoto, wa tatu apige taratibu. Maskini alikuwa anajaribu yote matatu kwa mpigo mmoja. Nikamwomba asimame tu, anioneshe mikono yake ilivyoshika fimbo, na tatizo lilikuwa hapo hapo, hata kabla fimbo haijaondoka chini.

Tangu siku hiyo nimeshikilia utaratibu mmoja: hatubadilishi chochote mpaka mpira useme umekosea wapi, na tukibadilisha, tunabadilisha kitu kimoja. Maelezo haya ni ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Mashoto ageuze kulia iwe kushoto.

Kabla ya kutibu, soma dalili

Mpira wa gofu una uzito usiozidi gramu 45.93 na kipenyo kisichopungua milimita 42.67. Unapopigwa, hukaa kwenye uso wa fimbo, yaani upande wa kichwa cha fimbo unaogusa mpira, kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kusahihisha kitu ndani ya muda huo. Kwa hiyo unapohisi umekosea, kosa limeshapita zamani, na ushahidi uliobaki ni mpira ulivyoruka na alama uliyoiacha ardhini.

Mpira huanza safari kuelekea kule uso wa fimbo ulikokuwa unatazama, au karibu sana na hapo. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo kichwa cha fimbo kilikuwa kinapita. Uso ukitazama kulia ya njia, mpira unapinda kulia. Ukitazama kushoto ya njia, unapinda kushoto. Vikikubaliana, mpira unakwenda moja kwa moja, hata kama unakwenda mahali usipotaka. Ukilielewa hili umeshapata nusu ya dawa. Mpira ulioanza kushoto na kuendelea kushoto bila kupinda unakuambia kwamba uso na njia vimepatana, ila vyote vimeelekea kushoto. Hapo usiguse mshiko wako. Angalia miguu na mabega yako yalikoelekea.

Halafu tazama chini. Fimbo ya chuma iliyopigwa vizuri inakwangua nyasi baada ya mpira. Tifuo, yaani alama hiyo ya nyasi zilizokwanguliwa, likianza nyuma ya mpira, ulipiga ardhi kwanza. Tifuo likielekea kushoto ya shabaha, fimbo ilitoka nje ikaja ndani, yaani ilitoka upande wa mbali nawe ikaja upande wako. Na kama hujui mpira uligusa wapi kwenye uso wa fimbo, paka poda ya mtoto kwenye uso huo kabla ya kupiga. Alama ya mviringo itabaki pale pale ulipogusa, na mjadala unaishia hapo.

Jambo moja la huku kwetu: usijipime swingi saa nane mchana. Ardhi ikishapata joto, upepo unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na mchana wakati mwingine unatosha kabisa kuusukuma mpira mzuri pembeni. Usiku na alfajiri upepo hugeuka, hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na kati ya hizo nyakati mbili, asubuhi kabla jua halijakolea, kuna muda wa utulivu. Huo ndio muda wa kuchunguza kosa. Nimeona vijana wakibadilisha mshiko uliokuwa sahihi kwa sababu ya upepo wa mchana.

Na usalama, tafadhali. Mpira huu mdogo unaweza kumtoa mtu jicho. Hakikisha hakuna watoto, wachunga mifugo wala watu walioanika dagaa upande unaopigia. Usipige kuelekea mawe yetu haya makubwa, kwa sababu mpira unarudi kwa kasi usiyoitarajia. Wala usipige kuelekea ziwani: mpira huzama, na chini kule si jalala letu.

Mpira unakata kulia

Hii ndiyo slaisi, na ndiyo iliyomleta fundi wa Igoma. Naamini zaidi ya nusu ya wanaoanza wanayo, kwa hiyo nitakaa nayo kwa muda.

Anza na mshiko, kila mara. Mtu akishika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza huishika kama mpini wa jembe, ndani kabisa ya kiganja. Fimbo ikikaa kiganjani, kifundo cha mkono kinakuwa kigumu, na uso wa fimbo unafika kwenye mpira ukiwa bado wazi, yaani umetazama kulia. Mkono wa kushoto unapaswa kuibeba fimbo kwenye vidole: ianzie kiungo cha kati cha kidole cha shahada, ipite mshazari hadi chini ya kidole kidogo, kisha kiganja kifunge juu yake. Dole gumba likae juu ya mpini, kulia kidogo ya katikati. Ukitazama chini uone vifundo viwili vya vidole, hata viwili na nusu. Kama unaona kimoja tu, au huoni hata kimoja, umeshapata sababu ya slaisi yako. Mkono wa kulia uje kwa vidole vile vile, kiganja chake kifunike dole gumba la kushoto. Ule mfereji kati ya dole gumba na shahada la mkono wa kulia uelekee bega la kulia.

Kuhusu nguvu ya kushika, ishike kama unavyomshika sato mbichi aliyetoka majini. Ukilegea, anateleza. Ukimbana mno, anachomoka vile vile. Fundi wangu alikuwa anabana mpaka misuli ya mikono ilisimama, na mikono iliyokakamaa haiwezi kuuzungusha uso wa fimbo ukafunga kwa wakati.

Mshiko mpya utakuuma rohoni kwa wiki nzima. Utahisi umeshika fimbo ya mtu mwingine. Vumilia. Kaa nyumbani na fimbo, ishike na kuiachia mara hamsini kila jioni bila mpira wowote, mpaka mikono iijue bila kuangaliwa.

Kama mshiko ni mzuri na mpira bado unakata, tazama mabega yako yanakoelekea unaposimama. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Mtu akishajua mpira wake unapinda kulia, anajielekeza kushoto ili ufidie. Mabega yakielekea kushoto, fimbo nayo inapita kuelekea kushoto, tofauti kati ya njia na uso inaongezeka, mpira unapinda zaidi, naye anazidi kujielekeza kushoto. Laza fimbo moja chini ikielekea shabaha, simama sambamba nayo, kisha mwombe mwenzako asimame nyuma yako akuambie mabega yako yanatazama wapi. Peke yako hutaweza kujiona.

Sababu ya tatu ni mwendo wenyewe, nayo ndiyo ninayoipenda kuieleza, kwa sababu jibu lake tumekua nalo. Aliyelelewa kwenye mashamba ya pamba na mahindi Usukumani ana mwendo wa jembe mwilini. Jembe unalipandisha juu ya bega na kulishusha mbele yako, bega la kulia likiongoza. Ukiishusha fimbo ya gofu hivyo, inatoka nje ya mstari na kukatiza kuja ndani, na mpira unapewa mzunguko wa kulia. Lakini wengi wetu tumefyeka pia. Nani hakupewa fyekeo shuleni? Kumbuka ulivyokuwa unafyeka: blade inatoka nyuma ya nyonga ya kulia, inapita chini, inakwangua nyasi, inazunguka kwenda kushoto. Hukuanza na bega. Ulianza na miguu na kiuno, mikono ikafuata. Huo ndio mwendo wa gofu, pungufu kidogo tu. Nilipomwambia fundi, "Kaka, acha kulima, fyeka," alicheka, akapiga mipira sita, na miwili ikaenda sawa kabisa.

Kulizoesha hilo, tafuta boksi tupu jepesi. Liweke sentimita 30 hivi nyuma ya mpira, upande wa mbali nawe, ukiacha nafasi ya kupita kichwa cha fimbo kinachotokea upande wako. Ukishusha kama jembe utaligonga boksi. Ukifyeka, utapita. Anza kwa nusu swingi, na kabla mikono haijashuka, hamishia uzito kwenye mguu wa kushoto huku mgongo wako ukiwa bado umegeukia shabaha. Mabega yasubiri zamu yao.

Kuna swali ninaloulizwa kila wiki: "Mbona namba 9 inaenda sawa, draiva ndiyo inayopinda?" Kosa ni lile lile. Namba 9, moja ya fimbo za chuma, ina uso uliolala sana, unaupa mpira mzunguko mwingi wa nyuma, hivyo ule wa pembeni hauonekani. Draiva, fimbo ya kupigia mbali, imesimama wima zaidi na ni ndefu zaidi, haifichi kitu. Rekebisha kwa namba 7, kisha uende draiva.

Fimbo inagonga ardhi kabla ya mpira

Unasikia kishindo kizito, udongo unaruka, mpira unasogea hatua chache. Maana yake sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wa fimbo imekuja nyuma ya mpira. Kwa fimbo za chuma inapaswa kuwa mbele yake, sentimita 5 hadi 10 hivi.

Mara nyingi ni uzito uliobaki mguu wa kulia. Jipime hivi: piga, halafu baki ulivyo. Kama unaweza kuinua mguu wa kulia bila kuyumba, uzito ulifika kushoto. Kama kisigino cha kulia bado kimekanyaga chini, hukuhama. Sababu nyingine ni mikono inayofungua mapema, ile pembe kati ya mkono na fimbo inapotupwa tangu juu, mtu akiwa na haraka ya kuufikia mpira. Na wakati mwingine sababu ni ndogo kabisa: mpira umewekwa mbele mno, upande wa mguu wa kushoto. Namba 7 inataka mpira uwe karibu na katikati ya miguu. Draiva ndiyo inayotaka mpira uwe usawa wa kisigino cha kushoto.

Kwa tatizo hili ziwa letu ni mwalimu mzuri kuliko mimi. Nenda ufukweni asubuhi, pale mchanga ulipolowana na kushikamana lakini maji hayafiki. Chora mstari mrefu kuelekea mbali nawe, simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako, na upige bila mpira. Angalia alama. Inapaswa kuanzia kwenye mstari na kwenda upande wa kushoto. Ikianzia kulia ya mstari, ungepiga ardhi kwanza. Songa hatua moja, piga tena kwenye mstari ule ule. Ukimaliza mita tatu utakuwa na historia nzima ya swingi yako imeandikwa mchangani, na hakuna mpira wa kuutafuta. Nimewaona watu wakipona kwa asubuhi nne za zoezi hili.

Unapiga kichwa cha mpira, unabiringika tu

Kila mtu atakuambia umeinua kichwa. Sikubaliani. Kichwa kuinuka mara nyingi ni matokeo, na ukikaza shingo ili kisiinuke unazuia mwili usizunguke, unapata tatizo la pili.

Chanzo halisi ni kutaka kuunyanyua mpira. Mtu anaona mpira uko chini, anataka uende juu, basi anausaidia: anaegemea nyuma, anakunja viwiko, anasimama kabla ya kupiga, fimbo inapita juu ya mpira au inaugusa nusu ya juu. Uso wa namba 7 umelala kiasi cha digrii 30 na kitu. Kazi ya kupandisha mpira umeshafanyiwa na fundi aliyeitengeneza fimbo. Wewe shuka nayo.

Weka kifuniko cha soda kwenye nyasi kikiwa kimelala, na ujifunze kukikwangua kwa nusu swingi mara kumi mfululizo. Kisha weka mpira mahali pake na ufikirie kifuniko kilicho chini yake.

Utashangaa kwamba aliyekuwa anapiga ardhi kwanza wiki iliyopita anaweza kuanza kupiga kichwa cha mpira wiki hii. Uzito wake bado uko nyuma, ila mwili umejifunza kuikwepa ardhi kwa kujivuta juu. Mrudishe kwenye mstari wa mchangani.

Mpira unaruka chini chini, kulia kabisa, kama umegonga ukuta

Hii inaitwa shenki na inatisha, kwa sababu humjia hata mtu anayepiga vizuri, bila taarifa. Mpira umegonga shingo ya fimbo, pale kichwa kinapoungana na bomba. Poda itakuthibitishia: usoni hakutakuwa na alama, au itakuwa pembeni kabisa karibu na shingo.

Fimbo imesogea mbali nawe wakati wa kushuka. Uzito ukiwa kwenye vidole vya miguu, mwili unaangukia mbele na mikono inakwenda nao. Usimame uzito ukiwa chini ya kamba za viatu. Kama unaweza kuchezesha vidole ndani ya viatu, uko sawa. Angalia pia usisimame karibu mno na mpira. Mikono ikining'inia yenyewe kutoka mabegani, kati ya ncha ya mpini na mapaja pakae ngumi moja au zaidi kidogo.

Kisha weka mipira miwili sambamba, mmoja wa mbali, mmoja wa karibu nawe, kati yake pakiwa na upana wa vidole viwili. Elekeza fimbo kwenye mpira wa mbali, lakini piga wa karibu peke yake. Mwili utajifunza kuvuta mikono ndani. Usiyafanye haya kwa hasira. Ukishapiga shenki tatu mfululizo, kaa kivulini dakika kumi, kunywa maji.

Mpira unapinda kushoto kwa nguvu

Huyu mara nyingi ni mtu aliyetibu slaisi akazidisha dozi. Anaona vifundo vitatu au vinne vya mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umeingia chini ya mpini. Rudisha mikono hadi vifundo viwili. Kama mshiko uko sawa, basi mwili unaacha kuzunguka wakati mikono inaendelea, na mikono iliyoachwa peke yake huufunga uso. Maliza swingi kifua na kitovu vikitazama shabaha.

Draiva inaupeleka mpira juu kama kishada

Tazama juu ya kichwa cha draiva. Ukiona michubuko, fimbo inapita chini ya mpira. Ni lile jembe tena, unashuka kwa mwinuko mkali. Weka mpira usawa wa kisigino cha kushoto, bega la kulia likae chini kidogo kuliko la kushoto, na nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha draiva inapokaa chini. Draiva ndiyo fimbo pekee ninayoruhusu ipigwe ikiwa inaanza kupanda.

Maumivu

Kiwiko kikiuma, au kifundo cha mkono, acha. Kuanzia Juni hadi Septemba viwanja vyetu vya wazi hukauka vikawa kama sakafu, na kuna mawe yamejificha chini ya udongo mwembamba. Fimbo ikigonga pale, mtetemo wote unaishia kwenye kiwiko. Miezi hiyo fanyia mazoezi mchangani, au upige mpira ukiwa juu ya tii fupi (kijiti cha kuwekea mpira), au utandike kipande cha zulia kuukuu. Mgongo ukiuma upande wa kulia chini, mara nyingi umekuwa ukiegemea nyuma kuunyanyua mpira, lakini maumivu yakidumu siku kadhaa muone daktari.

Umerekebisha yote na bado

Chunguza fimbo. Nyingi tunazotumia ni za mtumba, zilitengenezewa mtu mwingine, pengine mrefu kuliko wewe. Simama kama unataka kupiga, kichwa cha fimbo kikiwa chini. Ncha ya mbele ya kichwa ikinyanyuka sana hewani, fimbo ni ndefu mno au pembe yake haikufai, na mpira utavutwa kushoto hata ufyeke vizuri namna gani. Shika chini zaidi kwenye mpini, sentimita mbili au tatu, uone kama kichwa kitalala.

Mpira unaofunika mpini nao huzeeka. Ukikauka na kung'aa unateleza, na mkono unaoteleza hubana bila wewe kujua, kisha slaisi inarudi. Usugue kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, uufute, uuache ukauke kivulini. Fundi wa Igoma alikuja mwezi uliofuata akilalamika kwamba mpira umeanza tena kukata kulia. Mshiko wake ulikuwa mzuri, mabega sawa, fimbo ilitokea ndani. Nikagusa mpini wa namba 7 yake, ulikuwa mgumu kama pembe ya ng'ombe. Tukauosha pale pale kwa maji ya ndoo.